Mtunza Tovuti wa Kilungame

Nchi ninayoisimulia si yenu. Nalisema mapema ili mtu asihangaike kuitafuta kwenye ramani, na pia ili mimi mwenyewe nibaki na la kujitetea. Ni nchi nzuri, yenye wizara thelathini na nane, na serikali yake inawapenda wananchi kiasi kwamba haiwaachi peke yao hata siku moja.

Katika nchi hiyo ulikuwapo mji mdogo ulioitwa Kilungame, chini ya bwawa la maji, na hapo ndipo nilipokuwa na cherehani yangu. Duka lililopakana na langu lilikuwa la Bi Sikudhani Mbwiga, ambaye sisi tulimwita Bi Siku, mjane wa miaka arobaini na kitu. Kazi yake ilikuwa kuchapa barua na kutoa fotokopi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimpelekea barua ya kuomba kazi, alikurudishia ikiwa imesahihishwa makosa yote, na wala hakukwambia kwamba yalikuwapo.

Mwaka mmoja watu wa mtaa wa juu walikwenda kumzika mzee wa mtaa wa chini siku moja baada ya yeye kuzikwa, kwa sababu habari ilipita mdomo kwa mdomo ikachelewa njiani. Walisimama na majembe yao kando ya kaburi lililokwisha kufukiwa, wakaona aibu. Bi Siku alikuwa miongoni mwao. Aliporudi alikaa kwenye kompyuta wiki mbili, akajifunza mwenyewe, akautengenezea mji tovuti. Nyuma weupe, mbele herufi nyeusi, basi. Ilikuwa na ukurasa wa misiba, wa zamu za maji, wa siku za kliniki, na wa mbuzi waliopotea. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka alipiga simu msikitini, kanisani, zahanati na bwawani, akauliza kuna nini, akaandika alichoambiwa. Asiyekuwa na simu ya kuifungulia aliikuta imechapwa na kubandikwa mlangoni pa duka la Bi Siku.

Tuliizoea upesi. Ikisema maji yatatoka Jumanne, tulifua Jumanne. Kwa miaka minne haikukosea ila mara moja, kuhusu rangi ya mbuzi, na Bi Siku akaomba radhi kwa maandishi.

Kilichotuponza, tunavyoelewa sasa, ni kwamba ilianza kusifiwa.

*

Sifa zilifika makao makuu. Waziri wa Sura ya Taifa aliarifiwa kwamba uko mji ambao wananchi wake husoma kitu na kukiamini. Alishtuka, kama ambavyo kiongozi yeyote makini angeshtuka. Alisema bungeni kuwa imani ya wananchi ni rasilimali ya taifa sawa na madini, na haiwezi kuachwa ichimbwe na mtu binafsi mwenye duka la fotokopi.

Wiki iliyofuata akaja Bwana Theofrid Kanyelele, Afisa Mwandamizi wa Sura ya Taifa, Kanda ya Miji Midogo. Ni mtu mpole sana. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu tangu nimfahamu mpaka leo sijamsikia akipaza sauti. Alitoa futi ya fundi mfukoni, akapima kioo cha kompyuta ya Bi Siku, urefu na upana, akaandika vipimo kwenye daftari. Kisha akatukaribisha ndani sisi tuliokuwa tumesimama mlangoni, akatuhutubia watu sita kana kwamba tumejaza uwanja.

“Ndugu wananchi,” alisema, “tovuti ni uso wa mji. Nimeutazama uso wenu, nikakuta una misiba, una mgawo wa maji, una mbuzi waliopotea. Hivi mgeni akija kwako, unamkaribisha kiti au unaanza kumwonyesha kidonda?”

Akaleta marekebisho. Kila ukurasa ulipaswa kuanza na picha ya Mheshimiwa Rais akitabasamu, na picha ilikuwa kubwa hivi kwamba ilibidi uteremshe kidole mara tisa kulimaliza paji la uso, na mara sita nyingine kufika kidevuni. Ukurasa wa misiba ukaitwa Waliohamia. Zamu za maji zikaitwa Neema ya Maji. Mbuzi waliopotea walifutwa, kwa kuwa hakuna kinachopotea katika nchi yetu. Badala yao ukaongezwa ukurasa mpya, Wakazi Wetu, wenye jina na picha ya kila mtu mjini, kuanzia wazee hadi watoto wa siku arobaini.

Bi Siku naye hakuachwa nyuma. Aliteuliwa kuwa Mtunza Tovuti wa Daraja la Tatu, akaapishwa mkono ukiwa juu ya kibodi. Mimi ndiye niliyemshonea gauni la kuapia. Siku ile alinieleza kwamba amekubali kwa sababu angekataa wangempa mtu mwingine, na mtu huyo asingepiga simu asubuhi. Nikaona ana hoja. Watu wema huwa na hoja nzuri kila wanapokubali jambo.

*

Mwezi wa tatu ikapitishwa Sheria ya Uwepo. Ni fupi, naikumbuka yote: kilichomo kwenye tovuti ya mji kipo, kisichomo hakipo, na panapotokea tofauti kati ya tovuti na macho ya mwananchi, macho yatarekebishwa.

Ilirahisisha mambo mengi. Pale zahanati, mama aliyefika na mtoto mwenye homa alionyeshwa kwenye simu picha ya kabati lililojaa dawa, akaambiwa aitazame vizuri. Barabara yetu ya vumbi ilitiwa lami katika muda wa dakika kumi, Bi Siku akiwa amekaa kitini. Alifanya alivyoagizwa, na kila asubuhi aliendelea kupiga simu zake, ingawa sasa aliyoambiwa aliyaandika kwenye daftari tu, akalifungia kabatini.

Halafu Mwalimu Nestori Chale akaandika maoni. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kwa miaka thelathini na tisa, na nusu ya mji ilijifunza kusoma kwake. Kwenye tovuti palikuwa na kisanduku kilichosema “Tuambie unavyofurahia.” Mwalimu akaandika kwamba maji ya bomba la mtaa wake yanatoka na tope tangu wiki mbili zilizopita, akatia jina lake na tarehe, kama alivyotufundisha sisi kumaliza barua.

Agizo likaja siku ya tatu. Bi Siku alitakiwa kuondoa mstari mmoja kwenye ukurasa wa Wakazi Wetu. Aliuondoa saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeingia kuomba chenji, nikamwona. Alibonyeza mara moja tu. Kisha akakaa akitazama pale palipokuwa na jina, mahali ambapo majina mengine yalikuwa yameshasogea juu na kuziba pengo.

Kufikia mchana mwenye duka la unga alishindwa kumuuzia Mwalimu, kwa kuwa hakukuwa na mtu mbele yake. Kinyozi alikipangusa kiti huku Mwalimu akiwa amekikalia. Shuleni watoto waliambiwa kwamba tangu awali walikuwa wakifundishwa na nafasi iliyo wazi. Kuzungumza naye kukawa kosa, faini na kifungo. Nyumba yake ilipewa mpangaji, na yeye akahamia kwenye jiko la uani.

Alikuja dukani mara moja, na cheti chake cha kuzaliwa, akitaka nakala. Bi Siku alikichukua, akatoa nakala, akamrudishia vyote viwili bila kumwangalia. Mwalimu hakuondoka. Alisema taratibu, “Nilikushika mkono ukaandika herufi ya kwanza, Siku.”

Bi Siku alitazama kioo cha kompyuta. Kioo kilikuwa kimezimwa. Mwalimu alipotoka, mimi nilirudi kwenye cherehani yangu nikashona kwa kasi. Ni mashine yenye kelele, na wakati mwingine kelele inasaidia.

*

Kaka yake Bi Siku aliitwa Lugendo, na alikuwa mlinzi wa bwawa. Yeye ndiye aliyepokea ile simu ya asubuhi kule bwawani. Siku moja hakungoja simu, akashuka mwenyewe na kipande cha kamba chenye mafundo mawili. Fundo la kwanza lilikuwa upana wa ufa wa ukuta wa bwawa Jumatatu iliyopita. La pili lilikuwa upana wake siku ile. Kati ya mafundo hayo pangeingia kiganja cha mtu mzima.

Alikuwa ameiandikia Idara ya Mabwawa barua tatu. Idara ilimjibu kwamba imeifungua tovuti ya mji, imeliona bwawa katika hali nzuri, na inamshukuru kwa kufuatilia.

“Mdogo wangu, wewe andika tu,” alimwambia. “Watu hawasomi Idara. Wanakusoma wewe.”

Bi Siku alimweleza kwamba siku hizi haandiki, anaomba. Akajaza fomu ya kuomba. Majibu yalichukua siku kumi na moja. Neno ufa, walimfahamisha, halimo kwenye orodha ya maneno yanayotumika nchini. Hata hivyo kwa kuthamini bidii yake anaruhusiwa kuandika maneno matatu yafuatayo: Bwawa letu linapanuka. Aliyaandika. Aliniambia alidhani tutaelewa.

Hatukuelewa. Tulifurahi. Wapo waliotunga wimbo. Diwani alitangaza kwamba tutaanza kuuza maji kwa miji ya jirani. Waziri naye alipendezwa, akatangaza Siku ya Upanuzi: Jumamosi, saa nne asubuhi, wakazi wote wakusanyike kwenye uwanja ulio chini ya ukuta wa bwawa, wakiwa na bendera. Kuhudhuria ni lazima, na majina yataitwa kutoka ukurasa wa Wakazi Wetu. Bendera mia nane nilizishona mimi, na sikosi kusema kwamba nilizishona vizuri.

Ijumaa Lugendo alishuka na kamba ile ile, fundo jingine limeongezeka. Alisema sasa ukuta unatoa maji ya udongo upande wa chini, na haoni kama utaiona Jumapili. Bi Siku alimsikiliza, akafunga duka mchana kweupe, akaenda nyumba ya wageni alikofikia Bwana Kanyelele. Alimweleza yote kwa mdomo, akitumia neno ufa. Alinisimulia baadaye kwamba afisa alimsikiliza mpaka mwisho, akamwagizia chai.

“Bi Mbwiga,” alimwambia, “nakuamini kabisa. Ndiyo maana nakusihi usiniambie tena.”

Alirudi, akakaa kwenye kompyuta, akaniita kupitia dirishani. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiomba mtu amsomee kazi yake. Alitaka niangalie kama kuna kosa la herufi. Lilikuwa tangazo la sherehe, sawasawa kama lilivyoletwa na Wizara, paji la uso na yote, isipokuwa mahali. Palipokuwa na “uwanja wa chini ya bwawa” sasa paliandikwa “uwanja wa shule, kilimani.”

Nilisoma mara mbili. Nikamwambia herufi ziko sawa. Akalichapisha.

*

Jumamosi asubuhi mji mzima ulipanda kilima. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Bwana Kanyelele alipanda pamoja nasi akitweta, simu mkononi. Alituambia anakumbuka waziwazi kuwa aliandika uwanja wa bwawani, lakini kwa kuwa tovuti haiwezi kukosea, basi aliyekosea ni kumbukumbu yake, na ataiandikia barua ya onyo.

Mimi nilichelewa kwa sababu ya furushi la bendera, na kwa hiyo nilikuwa nyuma ya Bi Siku alipoacha njia akaingia uani kwa Mwalimu Chale. Mzee alikuwa amekaa jikoni kwenye kigoda. Jina lake halikuwamo kwenye orodha, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumwita.

“Shikamoo, Mwalimu.”

Mwalimu alitazama nyuma yake kwanza, kuona nani anasalimiwa. “Marahaba,” akasema. “Utafungwa, unajua.”

“Najua. Inuka twende shuleni. Bwawa linapasuka leo.”

“Mimi simo kwenye orodha.”

“Mimi ndiye niliyekufuta, Mwalimu.”

“Najua ni wewe,” alisema, akiinuka kwa shida. “Ni nani mwingine angenifuta bila kuharibu mstari wa juu wala wa chini?”

Akachukua kiti chake kimoja kizuri, nikamsaidia kukibeba. Njiani simu ya Bi Siku ililia. Ni Lugendo, aliyekuwa bado bwawani anafungua lango la kupunguzia maji, lile la gurudumu la chuma. Alisema limeshika kutu lakini linazunguka, na kwamba kila mzunguko unatupa dakika kadhaa. Bi Siku alimwambia apande sasa hivi. Alijibu kuwa atapanda akishawaona wa mwisho wamefika juu, na kwamba kutoka aliposimama anatuona watu watatu na kiti.

Majina yakaitwa. La Lugendo liliitwa mara tatu, akaandikwa mtoro. Bwana Kanyelele alianza kusoma hotuba ya Waziri. Alikuwa ukurasa wa pili, mahali panaposema kwamba upanuzi ni matunda ya uongozi, tuliposikia kitu kama gari kubwa likishusha mawe, ila halikumaliza kuyashusha. Tukageuka. Maji yalikuwa ya kahawia na yalikwenda yakiwa yamesimama. Msikiti, soko, maduka yetu, nyumba ya wageni: kila paa lilikaa juu ya maji kidogo, likizunguka, kisha likaondoka. Kilungame kilikwisha kabla mtoto hajamaliza kulia.

Bwana Kanyelele akatazama karatasi zake, akaona zimebaki kurasa mbili, akazisoma. Sisi tulisimama na bendera zetu tukamsikiliza hadi mwisho. Sijui kwa nini. Tulikuwa hatujui kufanya kingine.

*

Lugendo tulimpata siku ya pili, mbali, kwenye miwa. Tulimzika siku ya tatu nyuma ya madarasa, na waliofika walifika kwa wakati.

Siku ya nne, wazee wakiwa wanakohoa na watoto wanalala sakafuni, diwani akapeleka ombi la mahema. Wizara ilijibu upesi, na kwa upole. Imefungua tovuti, nyumba zote zimesimama, soko liko wazi, maji ni ya kumwaga. Hata hivyo haiwezi kuwasahau wananchi wake walioamua kufanya matembezi kilimani. Bwana Kanyelele, aliyekuwa amekwenda makao makuu, kesho yake akarudi na lori moja la mablanketi na unga, akaweka meza chini ya kivuli cha ukuta wa darasa. Kila mkazi angepata blanketi moja na kilo tano baada ya kutia sahihi kwenye karatasi iliyosema: Mimi ninaishi nyumbani kwangu Kilungame, na nipo hapa kwa mapumziko.

Tukapanga foleni. Wengi wetu tulikuwa tayari. Usiku kilimani kuna baridi, na sahihi ni mkwaruzo tu wa kalamu. Bi Siku aliwekwa wa kwanza kwa heshima ya cheo chake, na kabla ya karatasi ile afisa alimpa bahasha. Ndani mlikuwa na picha ya Lugendo ya zamani, amevaa sare, amesimama juu ya ukuta wa bwawa. Agizo lilisema iwekwe kwenye ukurasa wa mbele, na chini yake yaandikwe maneno mawili: Yupo kazini.

Bi Siku aliitazama picha kwa muda mrefu. Akaiweka kifuani ndani ya gauni lake. Ile bahasha na agizo aliviacha mezani.

“Sahihi yako hapa, Bi Mbwiga,” alisema Bwana Kanyelele.

“Kaka yangu nilimzika juzi,” alisema. Hakupaza sauti, lakini foleni nzima ilisikia. “Nyumba sina. Mji hakuna. Andika hivyo.”

Afisa alingoja, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kurekebisha kosa. Alipoona harekebishi, akainama, akatoa chini kabisa ya begi lake fomu nyingine, ya rangi ya waridi, iliyoitwa Fomu ya Wasiokuwepo. Akamwomba amtajie jina lake polepole asije akalikosea.

Aliyefuata alikuwa Mwalimu Chale. Alipata shida kidogo kuandikwa, maana alikuwa hayupo tangu zamani na kanuni hazimruhusu mtu kutokuwepo mara mbili. Akawekwa pembeni, akakaa kwenye kiti chake karibu na Bi Siku. Wa tatu alikuwa mama mmoja, Tatiana Ngwale, mwenye mtoto mgongoni akiungua homa. Aliangalia mablanketi. Kisha akasema, “Hata mimi. Alivyosema Bi Siku.”

Mimi nilikuwa wa saba. Katika maisha yangu sijawahi kupingana na serikali, hata kwa kukohoa wakati wa hotuba. Nilikuwa na muda wa kutosha kufikiri nitasema nini, na nilikuwa nimekwisha amua kutia sahihi. Nilipofika mezani Bwana Kanyelele aliniuliza naishi wapi. Nikafungua mdomo kusema Kilungame, duka la pili kutoka sokoni, na neno halikuja. Nikasema, “Sina pa kuishi, bwana. Cherehani yangu imekwenda na maji.” Alinitazama kwa huruma ya kweli, akaandika. Jina langu lina herufi inayowasumbua wengi, nikamsaidia.

Fomu ya Wasiokuwepo ina nafasi kumi. Aliyebuni hakutazamia zaidi. Kufikia adhuhuri zilikuwa zimejaa, akaanza kuandika pembezoni, kisha nyuma, kisha wino ukamwishia na foleni bado ilikuwa imezunguka shule. Akafunga begi, akatushukuru kwa ushirikiano, akasema anakwenda kuleta fomu za kutosha. Lori liliondoka na mablanketi yake.

Leo ni siku ya tatu tangu aende. Yule mtoto homa imepungua. Asubuhi hii tumeona vumbi kwenye barabara ya makao makuu, ile yenye lami. Mwalimu Chale, ambaye macho yake ni mazuri kwa vitu vya mbali, amehesabu malori saba, na amesema yamefunikwa maturubai mpaka chini.

Nimejaribu kuhesabu. Fomu za watu wote wa Kilungame zingeenea kwenye begi moja, na bado pangebaki nafasi ya sandwichi ya dereva.

Bi Siku ametuambia tukae karibu karibu, wazee na watoto katikati. Hatukimbii, amesema, maana hakuna pa kukimbilia. Atakayeulizwa jina alitaje lote, lake na la baba na la babu, kwa sauti ambayo jirani yake ataisikia.